Mjukuu Wangu, Usikate Springi

Mjukuu wangu, nimesikia umepata gari. Hongera sana. Mama yako ameniambia ni dogo, la milango mitano, lile la kukimbia, na kwamba hata namba hujaifunga na tayari umemtafuta fundi wa kulishusha. Hapo ndipo usingizi uliponipaa.

Kaa nikwambie. Mimi nimebeba abiria katika barabara hizi za kwetu Busia tangu Lumino haijaijua lami. Ninayoyasema sikuyasoma popote.

Nakusihi, usikate springi. Usilishushe gari. Usilivishe rimu kubwa zenye tairi nyembamba eti lionekane limekaa vizuri. Kukaa vizuri kwa macho ya vijana wa stendi na kukaa vizuri barabarani ni mambo mawili, na hayajawahi kuoana.

Sisemi waliolibuni walikosea. Golf GTI ilipoanza kuuzwa mwaka 1976 ililengwa kwa barabara za Ujerumani, na Swift Sport na Fit RS ni za ukoo huohuo. Springi ngumu huzuia gari lisilale ubavu kwenye kona, usukani ukajibu upesi, dereva akajiona bingwa. Juu ya lami safi ni raha, sitabisha.

Lakini sikiliza jambo hili. Gari la namna hiyo hutoka kiwandani likiwa limeshashushwa. Golf GTI ya kizazi cha 6 iko chini kuliko Golf ya kawaida kwa milimita 22 mbele na 15 nyuma. Wahandisi wamepima, wamekata walichotaka kukata, wakaishia hapo. Wewe na fundi wako wa chini ya mwembe mnataka kukata nini tena?

Kazi ya springi ni kulimeza shimo. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka. Nguvu ile ya kuruka huigeuza kuwa joto, ndiyo maana ukiigusa shokapu baada ya mwendo mrefu wa murram inaunguza vidole. Ukiifanya springi iwe ngumu kupita barabara inavyotaka, gurudumu linaacha kuifuata ardhi. Linapiga kigongo, linaruka, na kwa kitambo kile kidogo haligusi kitu. Breki itashika nini? Usukani utageuza nini?

Mnapenda kusema gari gumu linashika barabara. Linashika barabara laini, mjukuu wangu. Murram ya kwenda Lunyo hailishiki, inalirusha. Tairi lililo hewani halina dereva.

Hiyo raha mnayoicheka, ule ulaini wa gari la mzee, ndiyo inayoliweka tairi chini. Ni kitu kimoja. Ukiiuza raha, umeuza na breki yako.

Kama huniamini mimi, waamini waliokuwa wakikimbia kwelikweli. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, juu ya vumbi na matope ambayo nyinyi hamkuyaona. Ni gari gani lililowatoa watu jasho? Peugeot 404. Ilishinda mwaka 1963, ikarudi ikashinda mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968, na miwili ya mwanzo katika hiyo mitatu usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland wa Tanzania. Ikaja 504: Ove Andersson akashinda nayo mwaka 1975, Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978.

Watu hao walikuwa na pesa, walikuwa na mafundi, na walikuwa na haraka kukushinda wewe. Wangeweza kuingia na gari gumu la kukwaruza tumbo. Waliingia na gari lenye miguu mirefu, linalozama shimoni likainuka na kuendelea. Hata tangu mbio hizo zirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 pale Naivasha, magari yanayokuja huinuliwa. Sijaona bingwa aliyeshusha lake kwa ajili ya Naivasha.

Pijo ile ya mgongo mrefu, yenye springi nne nyuma, ndiyo iliyowabeba wazazi wenu kwenda Kisumu na kurudi, watu wamebanana na kuku chini ya kiti. Nyinyi mnaiita gari la mazishi. Haya, icheke. Lakini ilifika.

Najua utaniambia, babu, siku hizi kuna lami. Ipo, nami naishukuru. Kutoka Musita, ukipita Mayuge na Namayingo hadi Lumino, pamoja na matawi ya Majanji na Busia, ni kilomita 104. Lakini kila kituo cha biashara kina matuta yake, na aliyeyajenga hakuulizia tumbo la gari lako. Nenda Malaba na Tororo uone malori yanayongojea kuvuka mpaka yalivyoichimba lami kwa uzito ikawa mifereji. Na lami haikufika mlangoni kwa bibi yako. Mita zile za mwisho, za udongo na mawe, ndizo zitakazoliua gari lako.

Tazama namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. Golf ya kawaida inaweza kuvaa 195/65 R15; ukuta wa tairi hilo, kutoka rimu hadi ardhini, unakaribia milimita 127. Vijana wanaivisha 225/40 R18, na hapo ukuta umebaki milimita 90. Upana wa vidole viwili umeondoka, na vidole viwili hivyo vya mpira na upepo ndivyo vilivyokuwa vikililinda rimu na jiwe. Tairi likipasuka usiku huko Masafu, huko Dabani, nani atakuuzia la namna hiyo?

Sasa niseme la kukata springi, maana ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Fundi atachukua grainda, akate mzunguko mmoja au zaidi, akuambie tayari. Mizunguko ikipungua, springi huzidi ugumu. Ncha iliyokatwa hukaa vibaya kwenye kikombe chake, na gari likiruka inaweza kuchomoka. Mwingine hata grainda hana, huipasha moto kwa gesi mpaka ishuke yenyewe. Chuma hicho kimekufa hapohapo. Kuliendesha gari la hivyo ni kama kumfunga mtu magoti kwa kamba kisha kumwambia akimbie shambani.

Na ukipakia watu? Gari lililoshushwa lina nafasi ndogo ya kuzama. Weka watatu nyuma na gunia la mihogo kwenye buti, linakalia raba za kugotea. Hapo springi haina kazi tena. Ukiingia kona kwa kasi, ukapiga shimo katikati ya kona, upande mmoja unagota ghafla na gari linateleza bila kukuaga. Nimewaona waliotoka kwenye mtaro hivyo. Wapo ambao hawakutoka.

Mwanangu, gari kijijini si la mtu mmoja. Siku moja saa nane za usiku watakugongea dirisha: kuna mama ana uchungu, apelekwe hospitali ya Masafu. Utakataa? Hutakataa, nakujua. Atalala kiti cha nyuma, karibu kabisa na magurudumu ya nyuma, mahali panapopigwa kuliko pote katika kigari kifupi. Wanaopima mitikisiko wanasema mwili wa mtu aliyeketi huumizwa zaidi na ule mtikisiko wa mara 4 hadi 8 kwa sekunde. Sikuhitaji kipimo chao. Nimesikia abiria wa nyuma akiguna, nikajua.

Gari lisiloinamia shimo litakuinamisha kwa fundi. Zitaanza bushi, zifuate linki, halafu boljointi, halafu usukani unavuta upande, tairi zinalika ndani. Siku utakayoigonga sampu kwenye jiwe ukaendelea na safari bila kujua mafuta yanamwagika, injini imekwenda. Mshahara wako utakuwa unapita kwako tu kuelekea dukani kwa mwenye spea.

Na wale wanaolipandisha gari kwa vipande vya raba na spesa nene, nao wasicheke. Gari la mji kulisimamisha kama lori ni ugonjwa uleule, umevaa kofia nyingine.

Jambo moja hamlitilii maanani. Magari haya hayatufikii mapya. Kenya hukataa lililozidi miaka 8, na Uganda tangu mwaka 2018 hukataa lililofikisha miaka 15. Kwa hiyo unaweza kununua gari ambalo shokapu zake zimezeeka kabla hujalijua. Kile unachokiita ugumu wa kispoti huenda ni bushi zilizokauka na shokapu iliyovuja mafuta yote. Libonyeze kwenye kona ya boneti, uliachie. Likipanda na kushuka zaidi ya mara moja au mbili kabla ya kutulia, shokapu imekwisha.

Basi nakuomba, na ninakuomba tena. Pesa uliyomwahidi fundi wa kushusha, inunulie shokapu za kipimo cha kiwanda, na uzifunge mbili mbili kwa kila ekseli, siyo moja peke yake. Springi ziache zilivyo. Tafuta rimu ndogo zaidi inayoruhusiwa kwa gari hilo, inayopita juu ya breki zake bila kugusa, uvishe tairi lenye ukuta. Upepo ujazwe kwa kipimo kilichobandikwa mlangoni au kwenye kifuniko cha tangi, na kijana wa pampu anayejaza kwa kupiga teke mlipe umwambie aache.

Kisha Jumapili upite njia ya murram, umchukue bibi yako kanisani. Atakaa nyuma. Usimuulize kitu, mwache azungumze mwenyewe.