Wakili na Suluhu ya Nyumba

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime; wakipatana, chukua kapu ukavune. Methali hii humwonya mgeni asijitie katika ugomvi wa nyumba isiyo yake. Wakili ni mgeni ambaye kazi yake ni kujitia katika ugomvi wa watu, tena yeye huvuna wakati wenyewe wangali wakigombana. Je, mtu wa namna hiyo ana mahali katika kikao cha kuwapatanisha mume na mke? Hili ndilo swali nitakalo kulipima hapa.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania, ya mwaka 1971, ililijibu kwa namna yake. Kifungu cha 101 chakataza kupeleka mahakamani ombi la talaka kabla shauri halijafikishwa mbele ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, isipokuwa kwa sababu chache, kama vile mmoja kutoweka asijulikane alipo. Baraza likishindwa kuwapatanisha, hutoa hati ya kuthibitisha hivyo. Na kifungu cha 104 chasema kwamba wakili, kwa cheo chake cha uwakili, hawezi kumsimamia mtu mbele ya Baraza. Wala mtu hawezi kusemewa na asiye wa jamaa yake bila ya ruhusa ya Baraza. Wanasheria hujulikana kwa kufungua milango ya mashauri. Hapa sheria imewafungia mmoja.

Sababu yake haifichiki. Wakili hufungwa na wajibu wa kumtumikia mmoja. Ustadi wake ni kutenga: hiki chako, kile chake; hili lina ushahidi, lile halina. Suluhu hutaka kinyume cha hayo. Mume akisema, “Nilikosa,” msuluhishi husikia mlango ukifunguka, bali wakili wa mke husikia ungamo la kuandikwa. Kwa Warundi, ambao lugha yao ni jirani sana na Kiha cha Kasulu na Kibondo, wazee waitwao abashingantahe wamewapatanisha watu tangu zamani. Jina lao latokana na intahe, fimbo ya uamuzi. Fimbo ile haina mteja.

Kama hoja ingeishia hapo, wakili angerudi mjini. Lakini na twende Nyarugusu. Kambi hiyo ya wilaya ya Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita vya Kivu ya Kusini, na tangu mwaka 2015 ikawapokea na Warundi. Kijijini, mzee msuluhishi ana nguvu kwa kuwa awajua wazazi wa pande zote mbili, na waliopokea mahari wapo, waweza kuitwa na kuulizwa. Kambini uzi huo umekatika. Jamaa za mke pengine wamebaki Fizi, au wamekufa, au wamehamishiwa Marekani. Na tuwaze mke aliyeketi peke yake mbele ya wazee, na mume amezungukwa na ndugu zake. Kadi ya mgao wa chakula ni ya nyumba nzima, na aishikaye ndiye mwenye sufuria. Wazee wamwambia, “Vumilia, mwanangu.” Naye avumilia. Kikao chafungwa kwa dua, na watu husema nyumba imepona.

Imepona kweli? Mapatano huhitaji watu wawili ambao kila mmoja aweza kukataa. Asiyeweza kusema hapana, ndiyo yake haina uzito. Ni kimya kilichopewa sauti. Basi kosa la kikao kile si kwamba wazee walipenda amani, ila kwamba walipokea kimya wakakiita amani.

Hapa ndipo elimu ya sheria ipatapo kazi. Kifungu cha 66 cha Sheria ile ile chatangaza kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, desturi ziseme zisemavyo. Mwaka 1983, katika shauri mashuhuri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa, ingawa rufani yake mwenyewe ilishindwa. Mke aliyetoka Kongo mwaka 1996 alitoka chini ya sheria iliyomtaka mke apate idhini ya mumewe katika matendo ya kisheria. Sharti hilo liliondolewa huko mwaka 2016, naye akiwa ugenini. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, katika ibara ya 16, wampa mkimbizi njia ya mahakama. Asiyeyajua haya hupatana akiwa amefumbwa macho.

Mtu aweza kunijibu: “Mwambie mke haki zake, nawe umeivunja nyumba.” Sikubali. Nyumba isimamayo kwa sababu mmoja hajui mlango ulipo haijasimama, imefungwa tu.

Basi wakili asiketi katikati ya kikao; hapo sheria ilisema kweli. Mahali pake ni kabla ya kikao na baada yake. Kabla, awaeleze wote wawili, mume kwa mke, yale ambayo sheria yawapa na yale iwanyimayo. Baada, ayasome mapatano na kuuliza kama kuna aliyekubali lisilokubalika. Na palipo na kipigo, aseme waziwazi kwamba hilo ni kosa la jinai, na suluhu haitoshi kulifuta.

Naungama kwamba ni kazi ngumu kwa mtu aliyezoea kushinda, tena ina malipo kidogo. Lakini methali yetu ilitaja jembe kabla ya kapu. Wakili atakaye kuhesabiwa miongoni mwa wapatanishi na aanze kwa kulima.