Nyanya Alizaa 14, Sisi Je?



Mnapofuatilia ukoo wenu, kwa kuwauliza wazee au kupekua vitabu vya ubatizo vya parokia, huenda mkakuta nyanya alizaa watoto 12, hata 14. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mama wa Kenya alizaa watoto 8 kwa wastani. Utafiti wa 2022 ulipata kati ya 3 na 4.

Hapo ugomvi huanza. Mume husema, "Nyanya aliweza, wewe umeshindwa nini?" Je, idadi ya wazee wetu ni deni la kulipa?

Kwanza wahesabuni wote. Mtakatifu Katarina wa Siena, aliyezaliwa 1347, alikuwa karibu mtoto wa 25 wa mama yake, Lapa. Pacha wake alikufa akiwa mchanga, na ndugu zake wengi hawakukua. Basi ulizeni nyumbani pia: wangapi walizikwa wadogo? Nyanya alibaki na afya gani? Nani alimsaidia kulea?

Tuwaheshimu wazee hao, wala tusiwacheke. Lakini kumheshimu mzee si kurudia hesabu yake. Papa Paulo wa Sita, katika Humanae Vitae (1968), aliwataka wazazi wapime afya, uchumi na hali yao: wapo watakaopokea watoto wengi kwa ukarimu, na wapo wenye sababu nzito za kungoja, kwa njia za asili.

Mume, usimfanye nyanya yako kipimo cha mkeo. Mwulize anaonaje, kisha umsikilize mpaka amalize.