Dhana Si Yakini: Juu ya Kuitwa Tena Baada ya Picha ya Matiti

Limeletwa katika darsa yetu suala ambalo tumeona lafaa kujibiwa kwa kalamu, kwani lawahusu wengi na aghlabu halisemwi. Mwanamke amekwenda hospitali kupigwa picha ya matiti, ile eksirei iitwayo mamogramu, naye ni mzima, hana maumivu wala uvimbe. Amerudi nyumbani kwake salama. Baada ya siku chache simu yalia: aambiwa arudi, daktari ataka picha nyengine. Tangu saa ile hali wala hanywi, usingizi umemruka, na moyoni mwake amekwisha kujivika sanda. Suala ni hili: khofu ya mtu huyu, je, ni upungufu wa imani? Na yampasa afanye nini katika siku zilizo baina ya simu ile na kipimo cha pili?

Tuanze na khofu yenyewe. Khofu ni katika maumbile ya mwanadamu, kama njaa na kiu. Humjia bila ya kuiita. Twasoma kwamba Nabii Musa aliingiwa na khofu moyoni mwake mbele ya wachawi wa Firauni, wala hapana Muislamu awezaye kusema kwamba imani yake ilikuwa haba. Mtu hahisabiwi kwa sababu moyo wake umedunda. Ahisabiwa kwa alitendalo baada ya moyo kudunda. Basi wale wamwambiao mama huyu, "Mwenye imani haogopi," hawakumsaidia kitu. Wamemzidishia mzigo juu ya mzigo. Mwanzo alikuwa akiogopa maradhi, na sasa aogopa pia kuwa ameogopa, na la pili hili humfanya afiche lile la kwanza.

Baada ya hayo yafaa tujue wito huu wa pili una maana gani kwa matabibu wenyewe, kwani nusu ya khofu hutokana na kutojua. Katika mamogramu ya kawaida kila titi hupigwa picha mbili, moja kutoka juu na moja kwa upande. Picha hizo hazionyeshi maradhi kwa jina lake; zaonyesha weupe na weusi, na bingwa wa eksirei ndiye azisomaye. Huenda nyama za titi zimelaliana wakati wa kubanwa zikafanya kivuli. Huenda titi lina nyama nzito, nayo huonekana nyeupe kama uonekanavyo uvimbe, hata kimoja kikakificha chengine. Huenda kuna kifuko cha maji, au vichembe vya chokaa ambavyo vyataka kutazamwa kwa picha ya kukuza. Huenda mama alitikisika kidogo na picha ikawa na ukungu. Na huenda ikawa hiyo ni picha yake ya kwanza, na daktari hana ya zamani ya kulinganishia. Yote haya ni sababu za kumwita mtu tena, na saratani nayo ni moja katika sababu hizo. Akisha kurudi, hupigwa picha nyengine ya mahali palepale, au hutazamwa kwa ultrasaundi. Na ikiwa shaka haijaondoka, huchukuliwa kijipande cha nyama kwa sindano kikapimwe.

Madaktari wa eksirei wa Marekani wametunga mpangilio uitwao BI-RADS, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1993, ambao kwao kila picha hupewa nambari kuanzia 0 hadi 6. Mwenye kuitwa tena kwa picha zaidi aghlabu amepewa 0. Na maana ya sifuri hiyo si kheri wala shari. Maana yake ni kwamba kazi haijatimia, na hukumu bado haijatolewa. Uingereza, ambako serikali imekuwa ikiwaita wanawake kwa kipimo hiki tangu mwaka 1988, katika kila wanawake 100 wanaopigwa picha wapatao 4 huitwa tena, na katika hao 4, mmoja ndiye akutwaye na saratani. Marekani waitwao tena ni wengi zaidi, wapata 10 katika 100, na wengi mno katika hao hurudi nyumbani wazima.

Lakini tusizichukue hesabu hizi kama hirizi ya kujifungia. Hizo ni hesabu za wanawake wasiokuwa na dalili yoyote. Aliyekwenda hospitali kwa kuwa ameshika uvimbe kwa mkono wake, au ameona chuchu imeingia ndani, au ngozi imekunjamana, hali yake si hiyo, naye yampasa kufanya haraka zaidi. Na katika Kenya saratani ya titi ndiyo ionekanayo katika wanawake kuliko saratani nyengine zote. Kwa hivyo hatusemi kwamba wito ule si neno. Twasema kwamba wito ule ni suala, na suala halijawa jibu.

Hapa ndipo penye shina la maneno yetu. Wanazuoni wetu wamepambanua baina ya dhana na yakini, na kanuni yao ni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Mama yule ana yakini gani? Ana yakini kwamba yu hai, kwamba picha yake yataka kutazamwa tena, na kwamba siku ya kurudi ni siku fulani. Zaidi ya hayo yote ni dhana. Asemapo, "Mimi nimekwisha," ameigeuza dhana kuwa yakini, akajihukumu kabla ya hakimu kukaa. Na jirani yake asemapo, "Wacha wasiwasi, si kitu hicho," naye amefanya kosa lilelile kwa upande wa pili. Kwani nani aliyemjulisha kwamba si kitu? Wawili hawa wote wamedai kuyajua yaliyofichika, mmoja kwa huzuni na mmoja kwa huruma. Neno la haki ni fupi kuliko hayo: "Hatujui bado; tutajua siku fulani; na siku hiyo nitakuwa pamoja nawe."

Huenda mtu akasema: ikiwa picha yaleta dhiki kama hii, je, si afadhali mtu asipigwe kabisa, akaishi kwa raha? Twajibu kwamba picha haiumbi maradhi. Yaliyomo yamo, yakitazamwa au yasitazamwe, na methali yetu yasema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Abul-Qasim az-Zahrawi, tabibu mkubwa wa Andalusi aliyefariki karibu na mwaka 1013, alieleza katika kitabu chake at-Tasrif kwamba saratani ya titi ikiwa bado changa na ndogo yaweza kujaribiwa kukatwa. Amma ikisha kuwa kubwa na ya siku nyingi, yeye hakupata kuiponya wala hakumwona aliyeiponya. Dawa za leo zimeyapita mbali aliyokuwa nayo yeye, na wengi sasa hupona ambao zamani wasingepona. Lakini lile la msingi alilolisema lingali kweli: ugonjwa uliowahiwa si sawa na ugonjwa uliochelewa.

Basi khofu ya mama huyu ina njia mbili. Ya kwanza ni kumpeleka alikoitwa. Na khofu hiyo ni rafiki. Ya pili ni kumfanya akimbie: aahirishe hadi baada ya mfungo, kisha hadi baada ya arusi ya binti, kisha aambiwe kwamba ni kijicho cha mtu akazunguke kwa waganga, au angoje ruhusa ya mume ambaye yuko safarini wala hana khabari. Huko kukimbia ndiko kwenye lawama. Na wala asije mtu akaliita jambo hilo tawakali. Kila Muislamu ajua kisa cha ngamia na kamba yake: kumfunga ngamia hakupingani na kumtegemea Mungu. Kurudi hospitali siku uliyoitwa ndiko kufunga kamba.

Wabakia usiku wa kungoja, nao ni mrefu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi, na ndani yake akazungumza juu ya khofu, huzuni na wasiwasi kama tabibu azungumzavyo juu ya homa. Katika mashauri yake ni kwamba, kama vile mtu mzima awekavyo dawa nyumbani kwa ajili ya siku ya ugonjwa, vivyo hivyo aweke akiba ya fikira njema katika siku za utulivu, ili azikute siku ya dhiki. Nasi twaongeza machache ya kutenda. Amwulize aliyempigia simu: naitwa kwa sababu gani, na nitafanyiwa nini? Ayaandike masuala yake kwenye karatasi, kwani mbele ya daktari mtu husahau. Akiwa na picha za zamani, azichukue. Aombe siku ya karibu iwezekanayo. Asikeshe na simu mkononi akisoma khabari za wagonjwa asiowajua, kwani kila kisa atakiona ni chake. Ashike kazi zake, sala zake na watoto wake kama kawaida, si kwa kujifanya hana khofu, bali kwa kuwa siku hizi nazo ni za umri wake, na hapana atakayemrudishia. Na amwambie mtu mmoja anayemwamini.

Na huyo atakayeambiwa ana wajibu wake. Asilibebe neno lile hadi barazani wala jikoni kwa watu, kwani maradhi ya mtu ni amana. Asimletee hadithi za fulani aliyekufa. Mume asione haya kuambiwa habari za titi. Ni kiungo cha mwili kama viungo vyengine, na aliyeogopa kumpeleka mkewe kwa daktari kwa kuona haya, ajiulize haya yake yamfaa nani. Afuatane naye siku ile, akae naye ukumbini, hata kama hana la kusema. Na hata wenye hospitali wana sehemu yao: apigaye simu asiseme tu, "Urudi," kisha akakata. Maneno mawili ya kueleza sababu, na siku isiyokuwa ya mbali, humwondolea mtu usiku mwingi wa mateso, wala hayagharimu kitu.

Mwisho twapaswa kulikabili lile ambalo wengi hawapendi litajwe. Ikiwa kipimo cha pili kimethubutisha maradhi, je, kungoja kwake kwa utulivu kulikuwa ni kujidanganya? La hasha. Hakusema kwamba hana maradhi. Alisema kwamba hajui, na hilo lilikuwa kweli siku ile. Sasa ajua, naye aingia katika matibabu akiwa na nguvu ambazo hakuzimaliza katika kuyalilia yasiyojulikana, na akiwa amewahi. Na yule aliyeambiwa kwamba ni mzima, ashukuru, na shukrani yake iwe ni kumshika mkono mwenzake siku atakapoitwa, na kwenda tena kupimwa wakati wake ukifika.

Twamwomba Mola awape shifaa wagonjwa wetu, na awape subira wale wanaongoja.