Haba na Haba Ziwani



Katika mwaka 2004 Bunge la Tanzania lilitunga Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Kifungu chake cha 57 chakataza kazi za kudumu za wanadamu, na kazi nyingine ziwezazo kuleta madhara, zisifanywe ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au wa mto. Neno hili ni jepesi kulisoma, lakini kwa watu wengi wakaao kando ya Ziwa Victoria ni zito kulitii.

Tuseme yuko mjane mwenye bustani ya mboga hatua ishirini tu kutoka majini. Wakati wa kiangazi, mashamba ya mlimani yakaukapo, udongo wa pale huwa na unyevu bado, naye huwalisha watoto wake kwa bustani ile. Husema, "Ziwa hili lina kilometa za mraba zipatazo 68,800. Bustani yangu yaweza kulidhuru nini?" Swali hili si la ukaidi, lastahili kujibiwa.

Kwanza yatupasa kuifahamu tabia ya ziwa lenyewe. Hupokea mvua inyeshayo juu yake, tena na mito mingi, kama Kagera na Mara; lakini lina mlango mmoja tu wa kutokea, ndio Mto Nile huko Jinja. Hata hivyo sehemu kubwa ya maji yake haipiti mlangoni humo, bali hupanda hewani kwa ukali wa jua. Maji hupanda, uchafu haupandi. Udongo wenye mbolea uchukuliwao na mvua, pamoja na maji machafu ya miji, huwa chakula cha mimea ya majini. Mwani huzidi hata maji yakageuka kuwa ya kijani. Ukifa huoza, na kule kuoza humaliza hewa iliyomo majini, samaki wakakosa pumzi. Gugu maji nalo, lililoonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, hustawi kwa chakula kile kile. Basi, matete na mafunjo yaachwayo ukingoni si pori la bure: mizizi yake huuzuia udongo kabla haujafika majini.

Watu husema, haba na haba hujaza kibaba, nasi tumezoea kulitumia neno hili kwa kusifu kuweka akiba. Lakini kibaba hakichagui kinachotiwa ndani yake. Yule mjane asema kweli kwamba bustani yake ni ndogo. Na jirani yake asema kweli iyo hiyo, na wa tatu, na wa elfu. Kila mmoja asema kweli, na ziwa laharibika. Kwa hiyo udogo wa sehemu yangu wapunguza deni langu, lakini hauliondoi. Mtu achotaye maji kwa ndoo ng'ambo ya ghuba hanywi uchafu wa mmoja; hunywa wa wote.

Lakini haki ina upande wa pili. Sheria iionayo jembe la mjane isilione bomba la kiwanda wala mfereji wa mji, hiyo imepoteza nusu ya macho yake. Katika mapatano yaliyotiwa sahihi mwaka 2003, Kenya, Tanzania na Uganda zilikubali kwamba achafuaye ndiye alipaye. Basi achafuaye sana na alipe sana. Tena, tukimwambia mjane aiache bustani yake kwa faida ya watu wote, je, ni haki hasara iwe yake peke yake? Sivyo. Waliofaidiwa na maji safi wana wajibu wa kumtafutia kishamba mahali pengine, na bwana shamba amfundishe kuulinda udongo wake usichukuliwe na maji.

Sheria yaweza kupima mita 60 kwa kamba. Haiwezi kusimama ukingoni usiku na mchana kumtazama kila mtu. Mahali kamba ikomeapo ndipo dhamiri ianzapo kazi yake. Nayo humwuliza kila mmoja wetu, mwenye jembe na mwenye kiwanda pia: Je, maji haya ningeyatia kinywani mwa mtoto wangu?