Kila Mtu Alidhani Mwenzake Anayo

Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ilitoa upya nyimbo za bendi moja ya Kitanzania iitwayo Sunburst. Walikuwa vijana wa Dar es Salaam ya miaka ya 1970, wapiga magitaa ya umeme walioipenda roki, wakaichanganya na midundo ya hapa nyumbani na kuuita mtindo wao Kitoto. Mwimbaji wao alikuwa James Mpungo. Kwenye gitaa alikuwapo Hembi Flory Kongo, aliyetoka Zaire. Albamu yao ni moja tu, Ave Africa, nayo waliirekodia Zambia mwaka 1976. Miaka arobaini ilipita kabla haijatolewa tena, na muda wote huo santuri yake ya awali ilikuwa kitu cha kuwindwa na wakusanyaji wa ng'ambo. Kijana wa Kitanzania aliyetamani kuwasikia hao kaka zake hakuwa na pa kuanzia.

Naileta habari hii kwa wasomaji wa Mtwara kwa sababu kilichowapata Sunburst kinaendelea kutupata huku Kusini, tena ndani ya nyumba zetu, na sioni kama tumeshtuka. Santuri za zamani zinaisha. Zinaisha kimyakimya, huku kila mtu akiamini kwamba mwenzake anayo.

Tuanzie mbali kidogo. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi za Dar es Salaam, Morogoro na Tanga zilirekodi Radio Tanzania, lakini zilipotaka santuri, safari ilikuwa ya Nairobi. Huko kulikuwa na kampuni kubwa kama Polydor, iliyotoa nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, na pembeni yake kulikuwa na lebo ndogondogo za wafanyabiashara, nyingine zikiendeshwa kutoka nyuma ya duka la kuuzia santuri hizohizo. Hizo ndogo ndizo zilizothubutu kumpa nafasi mpiga gitaa asiyejulikana. Zilifyatua sahani ndogo za mizunguko 45, wimbo mmoja upande huu na mmoja upande ule, kwa nakala chache, kisha zikaendelea na bendi nyingine. Leo wakusanyaji wanazitafuta kwa sababu ya uchache huo. Wakati ule uchache huohuo ulikuwa dalili ya kwanza ya hatari, na hakuna aliyeutazama hivyo. Kitu kikiwa kingi, uzembe wa nyumba moja haukiui. Kikiwa kichache, nyumba tatu au nne zikizembea kimekwisha.

Dalili ya pili ilikuwa ya wazi zaidi. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Njia ya santuri ikakatika. Watu walisema mpaka utafunguliwa tu, na kweli ulifunguliwa, lakini ilikuwa Novemba 1983. Kufikia hapo kaseti ilikuwa imeshika nchi. Wenye santuri walinakili nyimbo walizozipenda kwenye kaseti, wakaona kazi imeisha, na ile sahani wakampa mtoto achezee au wakaiacha juu ya kabati. Kaseti nayo ikaliwa na redio, ikavutwa kwa kalamu, ikakatika, ikaungwa kwa gundi, na mwisho ikatupwa.

Hapa ndipo ninapowaomba tusimame kidogo, kwa sababu kosa lenyewe limejificha hapa. Mwanamuziki alidhani redio inayo kazi yake. Redio ilikuwa na kanda yake moja, ikidhani madukani santuri zimejaa. Mwenye duka alidhani kiwanda cha Nairobi kina kanda mama na siku yoyote kitafyatua nyingine. Msikilizaji wa Mikindani alidhani ikivunjika hii atanunua nyingine mjini. Kila mmoja alikuwa na sababu ya maana ya kutohangaika. Hakuna aliyekuwa mjinga, wala hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na ndiyo maana mimi na wewe tunaweza kuanguka shimo hilohilo kesho asubuhi. Hata sasa tunasema: TBC wanazo kanda za Radio Tanzania, sisi tuna nini cha kuhifadhi? Kanda za redio ni hazina kubwa, kweli. Lakini kanda huchakaa, na si kila kilichotoka kwenye santuri kilirekodiwa redioni.

Muziki wa magitaa makali ulikuwa na mzigo wa ziada. Novemba 1969 uongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati huo ulijumuisha Dar es Salaam, ulipiga marufuku muziki wa soul, kwa hoja ya kulinda utamaduni wa taifa. Wazee wengi waliuona muziki wa namna hiyo kuwa ni uhuni wa vijana, jambo la kupita. Kitu ukishakiita cha kupita, hukitafutii sanduku zuri.

Jirani zetu wa Zambia wana kisa kinachofanana. Bendi ya Witch, iliyoongozwa na Emmanuel Chanda, maarufu kwa jina la Jagari, ilitoa santuri yake ya kwanza mwaka 1972. Roki ya Zambia ilikuwa na soko wakati shaba ilikuwa na bei. Shaba ilipoanguka, soko likaanguka nalo. Jagari baadaye aliingia kwenye uchimbaji wa vito. Mwaka 2012 kampuni ya Now-Again ya Marekani ilizikusanya albamu za Witch na kuzitoa upya, naye akaja kupanda majukwaa ya Ulaya akiwa mtu mzima. Wenzake karibu wote walikuwa wameshafariki. Tunafurahi kwamba nyimbo zilipatikana, lakini tufikirie wale ambao hawakuwahi kuziona zikithaminiwa.

Turudi kwetu pwani. Niliwahi kuonyeshwa Mikindani sanduku la mbao la mzee aliyekwisha kufariki. Lilikaa miaka juu ya kabati, karibu kabisa na mabati, chumba hakina dari. Santuri zilikuwa zimelazwa moja juu ya nyingine. Tulipoitoa ya juu ilikuwa imepinda kama ukingo wa sinia. Zilizofuata zilikuwa na madoa meupe ya kuvu, na majalada ya karatasi yalikuwa yameganda kwenye sahani, ukivuta yanaacha manyoya. Chini kabisa mchwa walikuwa wameshaingia. Binti wa marehemu alituambia kwamba kila masika walikuwa wakisikia harufu ya ukungu ikitoka kwenye sanduku lile, wakasema tutalianika siku moja. Baba yake naye, alipokuwa hai, aliona sindano ikipanda na kushuka kila mzunguko, akaweka shilingi juu ya kichwa cha sindano ili iache kuruka. Shilingi ilinyamazisha dalili, na sindano ikazidi kuchimba mfereji.

Ndugu zangu, harufu hiyo ndiyo kengele. Hali ya hewa yetu, kuanzia Shangani hadi Msimbati na vijiji vya mdomo wa Ruvuma, ina joto, ina chumvi, ina unyevu. Huwezi kuweka santuri kama anavyoiweka mtu wa Iringa. Zisimamishe wima kama vitabu, zibanane kiasi, zisiegemee upande. Zitoe juu, karibu na bati; zitoe pia uvunguni, kwenye sakafu inayotoa unyevu. Zikae kimo cha kati, kando ya ukuta usiopigwa na jua la jioni. Masika ikiisha, zifungue moja moja, uzipunge hewa kivulini. Usizianike juani hata dakika tano, maana jua la Mtwara linaipinda sahani huku umeshika kikombe cha chai. Usizipanguse kwa mafuta ili zing'ae. Mafuta hunasa vumbi ndani ya mifereji.

Na kuna tahadhari moja ambayo nairudia kila ninapopata nafasi. Zile santuri za zamani zaidi, nzito, za mizunguko 78, kama zile za kizazi cha Siti binti Saad aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, hazikutengenezwa kwa plastiki ya baadaye. Zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu uitwao shelaki, na spiriti huuyeyusha. Mtu mwenye nia njema kabisa, mwenye kitambaa safi na chupa ya spiriti kutoka duka la dawa, anaweza kuifuta sauti ya mtu aliyekwisha kufa. Tumia kitambaa kikavu laini, basi.

Kuhusu kuuza, sitamlaumu mwenye shida. Ada ya shule haingoji. Lakini mnunuzi anapofika mlangoni na kutaka kuchukua sanduku zima kwa bei ya jumla bila hata kusoma lebo mbele yako, hiyo nayo ni dalili. Mwambie arudi kesho. Usiku huo andika kila jina lililopo kwenye kila lebo, na namba zake. Tafuta mtu mwenye mashine, hata akiwa Dar es Salaam, anakili nyimbo kabla sahani haijaondoka. Na wewe kijana unayeanza kukusanya, usidanganyike na jalada lililofifia. Tazama kwenye ule ukanda mtupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo, uelekeze kwenye mwanga: kuna herufi na namba zilizochongwa kiwandani. Zilinganishe na za nakala inayojulikana kabla hujatoa fedha. Toleo jipya halina aibu, na likitolewa kwa haki mwanamuziki au familia yake hupata chochote. Aibu ni kuuziwa jipya kwa bei ya la zamani.

Tusisahau majina. Mara nyingi lebo ya santuri ndogo ilitaja bendi, wimbo na mtunzi tu. Nani alipiga besi? Nani alipuliza saksafoni? Wanaojua ni wazee wa miaka sabini na themanini, wanaokaa barazani Chikongola na Majengo, na wengi wao hawajaulizwa. Mpigie mzee wimbo huo kutoka kwenye simu, mwache asikilize mpaka mwisho, ndipo umuulize. Andika kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni, tarehe na jina lake akiridhia, uikunje, uitie ndani ya jalada pamoja na sahani. Nakala ya karatasi hiyo ikae nyumba nyingine, kwa ndugu au jirani, na umwambie waziwazi kwamba yeye ndiye anayo.