Mgrivea na Mtu wa Kuja

Je, kitu huwa cha mahali kwa sababu asili yake ni hapo, au kwa sababu ya kile kinachofanya hapo? Waweza kudhani hili ni swali la watu wenye nafasi ya kukaa na kuwaza tu. Lakini huku kwetu Mwika, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, swali hili huamua nani abaki na nani afungashe virago. Mimi nitalijibu kwa kutumia mti.

Mti wenyewe ni mgrivea. Ndugu msomaji, kama umewahi kupita Mwika umeuona: mrefu, umenyooka, majani yake yamechanika-chanika, na maua yake ya rangi ya chungwa hujaa nyuki. Katika kihamba umesimama juu ya vyote. Chini yake ipo migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi. Kivuli chake si kizito, jua hupenya. Mizizi yake huenda chini, haigombani sana na kahawa. Ukipunguza matawi unapata kuni, na mti wala haujali, unachipua tena. Majani makavu hufunika udongo, au hutandikwa zizini kisha hurudi shambani yakiwa mbolea. Ukikomaa unapasua mbao. Ndiyo maana mzee akipanda migrivea anaweza kukuonyesha mmoja mmoja: huu ada ya shule, huu paa la nyumba.

Sasa muulize mzee huyo mti huu ni wa wapi. "Wa hapa hapa, bwana!" Kumbe kwao ni mashariki ya Australia, huko Queensland na kaskazini ya New South Wales, ambako wenyeji wa asili walifyonza utamu wa maua ya miti ya jamii hii. Huku uliletwa enzi za ukoloni, kuzitilia kivuli kahawa na chai. Hata jina lake ni la Mwingereza, Charles Greville, aliyefariki mwaka 1809, na wala hakuwahi kutia mguu Mwika.

Wala si mgrivea peke yake. Kahawa asili yake Ethiopia. Mahindi na maparachichi yametoka Marekani ya kale. Mgomba, ambao bila huo hakuna mbege wala mtori, ulitoka Asia. Kihamba tunachojivunia ni mkutano wa wageni! Na sisi wenyewe je? Koo zetu nyingi zinasimulia kwamba mababu walitoka Ukambani, Taita, Usambara, Umasaini.

Mama yangu mdogo alitoka Singida. Aliolewa Mwika na baba mdogo, akaishi kihambani miaka zaidi ya ishirini. Migrivea ya mpakani aliipanda kwa mikono yake, akaimwagilia kwa ndoo miaka miwili ya ukame. Baba mdogo alipofariki, ukoo ulikaa. Miti ikahesabiwa, ikaandikwa kuwa mali ya ukoo. Yeye akaambiwa ni mtu wa kuja, arudi kwao. Yaani mti wa Australia ni mwenyeji, aliyeupanda ni mgeni.

Wapo watakaonijibu: mti unafaa, ndiyo maana tumeupokea. Haya, na yeye hakufaa? Lakini hata jibu hilo la kufaa silitaki. Tukipima watu kwa faida, tutamfanyaje mzee asiyeweza tena kushika jembe? Tumewahi kupima hivyo. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989, bei ikaanguka, na wapo waliong'oa mibuni waliyosomeshewa nayo. Misesewe na miringaringa ya mababu nayo hukatwa, kwa kuwa mgrivea hukua upesi.

Tazama pia mkalitusi. Nao umetoka Australia, lakini unakunywa maji mno, na mkulima mwenye akili hauweki karibu na chemchemi. Nchi moja, tabia mbili! Basi asili haikwambii chochote juu ya mwenendo. Tena mgrivea huohuo, ukiusonganisha kwa uroho wa mbao, utaiua kahawa iliyo chini yake. Hapo kosa si la mti, ni la mpandaji.

Kwa hiyo mimi nasema hivi: uenyeji ni kuishi namna ambayo wengine wanaweza kuishi kando yako, na wewe kando yao. Umefunga naye ahadi, umekula naye, mmezikana. Basi huwezi kuivunja ahadi hiyo siku ya msiba kwa kuwa eti sasa mwenye mke hayupo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Lakini sheria haikai kwenye kikao cha ukoo. Tunaokaa pale ni sisi, vijana tuliosoma, nasi mara nyingi tunanyamaza kwa heshima ya wazee. Heshima ni nzuri. Ila mzee anaweza kuulizwa kwa heshima: Baba, mbona huu mti hatuurudishi kwao?