Upinde Juu ya Wingu Jeusi

Anayelitazama jua haoni upinde wa mvua. Sharti uligeuzie jua mgongo, uelekee kule kulikotanda giza la mvua, na jua lenyewe liwe limeinama. Ndiyo maana sisi tunaoishi karibu na ikweta huuona asubuhi au jioni, lakini saa sita mchana, jua likiwa utosini, hatuuoni.

Mwanzoni mwa karne ya 14, Kamal al-Din al-Farisi huko Uajemi na Theodoric wa Freiberg huko Ujerumani, kila mmoja kivyake, walijaza maji katika vyombo vya kioo vya mviringo, mfano wa tone la mvua, wakachunguza safari ya mwanga ndani yake. Waliona kwamba mwale huingia kwenye tone ukapinda, ukagonga upande wa nyuma na kurudi, kisha ukapinda tena unapotoka. Kila rangi hupinda kwa kiasi chake: nyekundu hutujia kwa pembe ya nyuzi 42 hivi, zambarau kama nyuzi 40. Kila tone hulipelekea jicho lako rangi moja tu kwa wakati mmoja, kisha linashuka na jingine kushika nafasi yake. Matone yote yanaanguka, upinde umesimama pale pale! Na aliye kando yako anauona wake, uliofanywa na matone mengine.

Kinachonistaajabisha zaidi ni kwamba tone la mvua halina rangi. Uzuri wote ule umetoka kwenye jua; kazi ya tone ni kuupokea mwanga na kuurudisha.

Ajabu hii hunirudisha kwenye kitabu cha Mwanzo. Mlango wa 6, mstari wa 8, unasema Nuhu alipata neema machoni pa Bwana. Mstari wa 9 ndio unaomwita mtu wa haki. Mara nyingi tumehubiri kinyume chake, kana kwamba Mungu alipekua dunia nzima akitafuta mwema mmoja wa kumlipa. Mimi nauheshimu mpangilio wa Maandiko: neema imetangulia, haki imefuata.

Kuna jambo zito zaidi. Kabla ya gharika, mlango ule ule unaeleza sababu ya hukumu: mawazo ya moyo wa mwanadamu ni mabaya siku zote. Gharika inapokwisha, Nuhu anatoa sadaka, na katika mlango wa 8 mstari wa 21 Mungu anautaja tena ubaya wa moyo wa mwanadamu, tangu ujana wake. Safari hii, hata hivyo, anautaja anapoahidi kutoilaani tena ardhi wala kuviangamiza vyote vilivyo hai. Maji yaliyofunika milima hayakuosha moyo. Mgonjwa ni yule yule, ila tabibu ameamua kumvumilia.

Ndipo upinde unawekwa winguni, mlango wa 9. Agano hilo linawahusu Nuhu na uzao wake, pamoja na ndege, ng'ombe na wanyama wa porini, viumbe wasioweza kushika hata amri moja. Mungu anasema yeye mwenyewe ndiye atakayeutazama na kulikumbuka agano lake. Kabla mlango haujaisha, Nuhu amelewa divai na kulala uchi hemani. Hatusomi popote kwamba upinde uliondolewa.

Je, basi haki haina kazi? Waebrania 11:7 inajibu kwa kumwonyesha Nuhu akiunda safina kwa imani, na hivyo akawa mrithi wa haki. Safina ya mikono 300 urefu, 50 upana na 30 kwenda juu haikujengwa na mtu aliyekaa akikunja mikono. Alitoka jasho kwa sababu alikuwa amekwisha kupendelewa. Hakutoka jasho ili apendelewe.

Kwa hiyo ninapofaulu kusema kweli mahali ambapo uongo ungenifaa, au kumsamehe aliyeniumiza, najua mwanga huo si wangu. Sina cha kujivunia mbele za Mungu, wala sina haki ya kumdharau ndugu aliyeanguka, kwa maana neema inayonisimamisha mimi ndiyo anayoihitaji yeye, na Mwenye kuitoa hajapungukiwa.